Kompyuta ya steshenari inajizima kila mchana, naombeni ushauri

Mwana_Isevya: Wakuu, habari za jioni. Nina kasteshenari hapa Tabora mjini. Asubuhi kompyuta inapiga kazi vizuri, mchana inakuwa nzito, halafu inajizima. Wateja wananuna. Pawa saplai nimebadilisha, hola.

Fundi_Spana: Joto hilo mkuu. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 zinapunguza kasi zenyewe, zikizidi zinazima ili zisiungue. Puliza feni, weka pasta mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Inasoma ngapi?

Mwana_Isevya: 97. Vumbi napuliza, linarudi. Tena linanata.

Mama Tuma: Marehemu mzee wangu alikuwa anaifunika TV kitambaa cha kufuma huku imewaka. Ikafa katikati ya mechi. Hakunisemesha mpaka kesho yake, kana kwamba nilifuma mimi. Kweli nilifuma mimi.

Fundi_Spana: Linanata? Humo ndani kuna nini kingine?

Mwana_Isevya: Kajiko tu ka mbuzi choma.

Fundi_Spana: Kako wapi?

Mwana_Isevya: Mlangoni. Yaani ndani kidogo, nyuma ya kaunta. Ila msiniambie nihame, kodi nimelipa ya miezi sita na bango limeshachorwa. Anayesubiri cheti chake anakula mshikaki, kosa liko wapi?

Mchomaji wa Ipuli: Kosa ni moto wako. Mafuta yakidondokea mkaa mkali ndiyo huo moshi wa kunata. Subiri mkaa uvae majivu, inua wavu, mbuzi aive taratibu. Kano zake hazilainiki kwa papara. Utauza nje masizi, ndani damu.

Bwana Ushahidi: 97? Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 96 hivi. Basi prosesa inachemsha chai, na uzi wenyewe ni chai. Nani anachoma mbuzi steshenari?

Mchomaji wa Ipuli: Mimi namjua anayeuza majeneza na keki.

Bwana Ushahidi: Picha.

Mwana_Isevya: Kamera ya simu ina mafuta.

Bwana Ushahidi: 😂😂 Funga uzi.

Dada Afya: Cheka tu. Mkaa ndani ya chumba unatoa hewa isiyo na harufu, na inaua. Toa jiko nje leo, kompyuta baadaye.

Mwana_Isevya: Nje upepo dada. Nimeshanunua feni ya kusimama. Niielekeze kwa mbuzi au kwa kompyuta?

Bwana Ushahidi: Mshikaki bei gani hapo? Nauliza tu.