Mrejesho: tanuri langu la piza, Goma

Asanteni wakubwa. Niliuliza nizuie joto la tanuri kwa kitu gani, maana blanketi za kauri (zile za nyuzi zisizoungua) bei yake haishikiki. Nimechagua vijiwe vya volkano, vile vyepesi vyenye matundu. Hapa Goma vimejaa tele. Vumbi nililichekecha lote, kwani huziba matundu, na hewa iliyomo ndiyo inayozuia joto. Ndoo 8 za vijiwe kwa 1 ya simenti, maji kidogo: ukifinyanga kiganjani vishikane bila kuchuruzika. Nikamwaga sentimita 10 chini ya matofali ya sakafu, na juu ya kuba vilevile. Nilikausha polepole kwa moto mdogo wa makala mpaka mvuke ukaisha. Sasa ndani kunawaka, nje mkono unatulia. Imebaki kuezeka mabati, kwa sababu vijiwe vikilowa joto linapita.