Marvel: steringi ananyanyua mlima, ila mapenzi yake na undugu wake havina hata tyuni

Wakuu leo naomba mniache niongee. Juzi nimerudia Avengers: Infinity War, muvi ya Marvel, nilianza na ile iliyotafsiriwa nikajua DJ ndo kafunika muziki na makelele yake, nikatafuta original nikavaa na hedifoni, wapi! Loki ananyongwa na lile jitu Thanos, na kaka yake Loki, yaani Thor, anaangalia, hawa watu wamegombana na kupatana toka 2011, halafu muziki ni huzuni tu ya kawaida, ungeweza kuuweka kwenye msiba wa mtu yeyote.

Na sababu inajulikana. Muziki wa Thor ya 2011 katunga Patrick Doyle, ya 2013 Brian Tyler, 2017 Mark Mothersbaugh, 2022 Michael Giacchino. Muvi nne, mafundi wanne! Iron Man vilevile, Ramin Djawadi, akaja John Debney, akaja huyohuyo Tyler. Sasa Tony, huyo Iron Man mwenyewe, na demu wake Pepper watakuwa na tyuni yao saa ngapi kama kila fundi anakuja na ramani yake? Halafu kwenye Infinity War Thor anatua vitani Wakanda na shoka jipya, banda umiza zima tumesimama tunapiga kelele, kumbe kinachopigwa ni tyuni ya Avengers, ya kundi. Yaani siku yake kubwa kuliko zote jamaa kaingia na nguo ya kuazima.

Msiniambie eti muvi za hivi ni ngumi tu. Superman ya 1978, John Williams, kuna yale matarumbeta ya steringi na kuna tyuni laini ya yeye na Lois wakiruka usiku. Sasa sikilizeni yale matarumbeta mpaka katikati, ile tyuni ya Lois imo humohumo! Jamaa hata akiwa anaokoa dunia demu wake yupo ndani ya muziki wake, hujaambiwa na mtu ila unasikia.

Na kinachoniuma zaidi, hao hao Marvel wanaweza. Black Panther si yao? Ludwig Göransson alifunga safari mpaka Senegal akazunguka na Baaba Maal, akarudi na ngoma inayoongea akampa steringi T'Challa, adui yake Killmonger akapewa filimbi ya Wafulani wa Afrika Magharibi na chini yake mabiti mazito maana dogo kakulia Oakland, Marekani. Binamu wawili, wote wana sauti ya nyumbani ila mmoja imechanganyika na mtaa wa ugenini. Hata ukifumba macho unajua nani kaingia na kwa nini ana hasira. Wakapata Oscar 2019, halafu wakaendelea na ujinga wao.

Kuna mtu atakuja na Steve, yaani Captain America, na demu wake Peggy, najua. Ndiyo, mwisho wa Endgame wanacheza taratibu na mimi machozi yalinitoka sikatai, lakini ule ni wimbo wa 1945, ulikuwepo duniani kabla hata hizi muvi za Marvel hazijafikiriwa. Hapo katunga nani?

Mnaobisha karibuni ila msilete maneno mengi, rekodini voisi muimbe kwa mdomo tyuni ya Thor na Loki. Sio ya Avengers, hiyo hata mtoto wa dada yangu anaiimba. Ya Thor na Loki. Nasubiri hapa.