Magari yaliyoshushwa: kosa ni la springi au la tuta?

MLETA MADA
Wakuu, ubishi huu umezunguka sana, tuumalize hapa. Wapo wanaotaka wakaguzi wa magari wakatae gari lolote ambalo tumbo lake halifiki kimo fulani kutoka kwenye lami. Hoja yao: gari la chini linakwama juu ya tuta na kuziba njia, na likipasua sampu (bakuli la oili chini ya injini) linamwaga oili ambayo bodaboda anayefuata anaikuta akiwa kwenye mwendo. Upande wa pili wanasema gari halina kosa, matuta yetu ndiyo hayana vipimo. Je, tuweke kima cha chini kisheria? Kiwe ngapi? Naanza na milimita 120 ili tupate pa kushikia. Njooni na namba. "Gari ni langu" si hoja.

FUNDI SPRINGI
Sheria naikubali, ila hiyo 120 yako haimkamati mkosaji. Mkosaji ni springi iliyokatwa, na gari lenye springi iliyokatwa linaweza kupita hapo likiwa na 125 na bado likawa hatari.

Chukua springi yenye koili sita zinazofanya kazi, kata moja. Zimebaki tano, ugumu umepanda kwa asilimia 20. Gari nalo limeshuka kwa nafasi ya koili moja iliyobeba mzigo, kwa magari mengi ya saluni ni mm 30 hadi 40. Shokapu lakini ni ileile. Kama ilikuwa na safari ya mm 80 kabla ya kufika kwenye mpira wa kizuizi, sasa imebaki 40 na kitu. Yaani nafasi imepungua karibu nusu, halafu ugumu umeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu. Hesabu haikai. Kila shimo linafika kwenye mpira, mpira unachanika, shokapu inagonga mwisho, sili inapasuka, oili inaanza kutiririka kwenye fimbo.

Na hiyo ni nusu ya habari. Piga jeki mpaka gurudumu lining'inie, shika springi kwa mkono, jaribu kuizungusha. Ikicheza, gari hilo lisitoke gereji. Likiruka tuta springi inaachia kikombe chake, inarudi imekaa upande, na siku nyingine hairudi kabisa.

Wanaochoma springi kwa moto wa gesi ili ijilaze wenyewe hata sitaki kuwajadili. Chuma kimepoteza uspringi wake, gari litaendelea kushuka bila kuambiwa.

NYAYO CHINI, NAIROBI
Sawa boss, lakini umeongelea kazi mbovu, hujaongelea kushusha gari. Mtu akiweka springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, na shokapu zenye mwili mfupi, safari inabaki. Koilova (springi na shokapu za kurekebisha kimo) nzuri ni ile ambayo kimo kinarekebishwa kwa kuzungusha mwili wa chini, sio kwa kukaza springi. Ukikaza springi kwa juu ili gari ipande, unaondoa safari ya gurudumu kushuka, na gari inaruka kama mbuzi.

Kazi ikifanywa vizuri iko hivi. Shusha mm 25 hadi 30, usipite. Boliti za bushi (mipira ya viungo) za mikono ya chini inayoshika magurudumu zilegezwe, gari ishushwe isimame kwa magurudumu yake, itikiswe ikae, ndipo zikazwe. Wengi wanakaza gari ikiwa bado juu ya jeki. Bushi inabaki imejipinda muda wote na inachanika mapema, halafu lawama inaenda kwa barabara. Endesha siku chache springi zikae, kisha wheel alaimenti. Tairi kulala kidogo kwa ndani haimalizi tairi haraka vile watu wanadhani. Kinachokula tairi ni magurudumu kutolingana mbele na nyuma yake, yaani pua za tairi kuangaliana au kupeana mgongo, na hiyo inabadilika kila unapogusa kimo cha gari.

Gari kama hiyo unainyima barabara kwa sababu gani?

MCHORA BARABARA
Nimesubiri mtu alitaje tuta lenyewe. Wengi wanagombana na kimo cha tuta, ilhali urefu wake ndio unaoamua.

Tuta la mviringo lililotokana na utafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza miaka ya 1970, ambalo wahandisi wengi duniani hulifuata, lina kimo cha mm 75 hadi 100 na urefu wa mita 3.7 kwa kufuata barabara. Chukua Toyota Mark X, umbali kati ya ekseli zake ni mm 2,850. Ikiwa katikati ya tuta hilo la mm 100, magurudumu yote manne yako juu ya mgongo wa tuta, nayo yamenyanyuliwa. Ukikokotoa, kilele kinaingia chini ya tumbo kwa mm 59 tu. Subaru Impreza yenye mm 2,620 inahitaji mm 50. Gari lenye nafasi ya mm 100 linapita bila kugusa.

Sasa chukua tuta la mtaani: kimo kilekile cha mm 100, urefu sentimita 60. Magurudumu ya mbele yamekwisha kushuka, ya nyuma hayajapanda, tumbo linakutana na mm 100 kamili. Kimo hakijabadilika hata kidogo, ila mahitaji yameongezeka kwa mm 40. Mwenye tuta alidhani ameokoa zege.

Vivuko vilivyonyanyuliwa, vile vya juu bapa vyenye pundamilia, navyo vina kisa chake. Kikiwa na mm 100 na mteremko wa sentimita 60, mguso hauji katikati. Unakuja wakati gurudumu la nyuma linaanza kupanda, na ukingo wa kivuko uko mbele yake kidogo, karibu mm 80 juu ya mstari wa magurudumu. Ndiyo maana watu wengi wanavunja ekzosi na kiungo chake hapo, si bampa.

Kwa hiyo mnataka kumpima mwenye gari kwa rula wakati tuta halikuwahi kuona rula.

MKAGUZI
Ndugu Mchora, hesabu yako ni safi, ila usiifanye Uingereza iwe malaika. Kanuni zao za mwaka 1999 zinaruhusu tuta la kimo cha mm 25 hadi 100, na urefu usiopungua mm 900. Tuta la mm 900 kwa 100 ni halali kwao na linakwaruza.

Tuangalie Japani, maana magari mengi tunayobishania yanatoka huko. Ukaguzi wao una kima cha chini: sentimita 9 kwa gari la kawaida. Vipande vya plastiki vya urembo chini ya bampa vinaruhusiwa kufika sentimita 5. Na jambo alilosema Fundi, springi kucheza gurudumu likining'inia, huko gari linarudishwa hata kama kimo chake kinatosha. Wamekamata vyote viwili, kimo na springi.

Ila sentimita 9 zinatosha kwao kwa sababu barabara zao haziwajengei matuta kila mita mia mbili. Kuchukua namba yao na kuiweka Mbagala ya Dar au Kayole ya Nairobi ni kujidanganya.

TEKSI MTANDAONI
Mnapima gari likiwa tupu. Nani anaendesha gari tupu?

Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Kwenye saluni ya kawaida zinalala mm 30 hivi kwa wastani, nyuma zaidi kuliko mbele, na bado hujaweka mabegi ya abiria wa stendi. Gari la 120 limekuwa la 90 kabla ya kutoka stendi. Ndiyo maana sisi tunakwenda upande mwingine kabisa, tunanyanyua. Spesa za alumini juu ya shokapu za mbele, mm 20 hadi 30, na nyuma kadhalika. Mbona hamuwakatai wenye spesa?

FUNDI SPRINGI
Spesa zina masharti yake, ndugu Teksi. Juu ya shokapu ya mbele, spesa ya mm 30 inanyanyua mm 30 hivi. Nyuma, kama springi imekaa peke yake juu ya mkono, katikati ya bushi na gurudumu, spesa ya mm 20 inaweza kunyanyua mm 30, kwa sababu mkono unazidisha. Watu wanaweka 30 kote, gari linasimama mgongo juu, taa zinamulika chini, gari linayumba kwenye breki. Na ukipita mm 30 mbele, shafti za magurudumu zinakaa kwa pembe, buti za CV jointi (mipira inayofunika viungo vya shafti) zinasuguana mikunjo kwa mikunjo na kuchanika. Grisi ikitoka, mchanga umeingia.

Kuna kitu kibaya zaidi ya spesa: mipira ile ya kupachika katikati ya koili. Koili mbili zilizobanwa na mpira hazifanyi kazi tena, mzigo wote unahamia kwa zilizobaki, nazo zinazidiwa na kukatika. Bei yake ni ndogo na ndiyo inayowaponza.

DADA GEREJI
Naona kila mtu yuko kwenye springi, hakuna anayezungumzia kinachogongwa. Magari hayafanani tumboni.

Impreza: mabomba ya ekzosi yanapita chini ya injini yenyewe kwa sababu injini imelala. Hayo ndiyo ya kwanza kugusa. Yakigusa unasikia kelele, roho inaruka, lakini unafika nyumbani. Mark X na saluni nyingine za kusukuma nyuma zenye gia otomatiki: sinia la oili ya gia nalo liko hatarini, na likipasuka oili nyekundu inaisha taratibu, gia zinaanza kuteleza. Magari madogo ya kuvuta mbele: sampu, na mengi yana sampu ya alumini ambayo haibonyei, inapasuka.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka baada ya kugonga, zima injini palepale. Usitafute kivuli. Gundi ya chuma ya kuchanganya mbili ni ya kukufikisha gereji baada ya kumwaga oili na kufuta grisi yote kwa petroli; si matengenezo.

Ngao ya chuma ya mm 2 au 3 ni nzuri, ila nayo inachukua nafasi. Ukifunga ngao inayoning'inia mm 20 chini ya sampu, umelishusha gari mm 20 bila kugusa springi. Ifungwe ikifuata umbo, iwe na matundu ya kupitisha hewa na tundu la boliti ya kumwagia oili. Na kifuniko cha plastiki cha kiwandani kisitupwe. Kikilegea klipu kinajikunja kwa upepo na kukokotwa chini, halafu mtu anadhani gari ndilo la chini.

NYAYO CHINI, NAIROBI
Na udereva? Nusu ya hizo ajali za tumbo ni breki. Mtu anakanyaga breki hadi juu ya tuta, pua inazama, bampa inagonga. Punguza mwendo mapema, achia breki kabla tairi haijagusa tuta, pua inuke, pita na gia ya kwanza. Au ukate kimshazari, gurudumu moja moja.

MKAGUZI
Kimshazari kwenye barabara ya njia mbili maana yake pua yako iko upande wa anayekuja. Kwenye geti la nyumbani, sawa. Kwenye barabara ya umma hiyo ndiyo hoja ya wanaotaka marufuku, na umewapa mwenyewe.

NYAYO CHINI, NAIROBI
Hapo umenishika. Lakini bado sikubali 120. Weka 100.

MKAGUZI
Nakupa 100, kwa sharti la Teksi: lipimwe likiwa na watu wanne ndani, au mifuko ya mchanga ya uzito huo. Gari lililosimama kwenye lami bapa, tairi kwa upepo wa kiwandani, mkaguzi anasukuma kipande cha mbao cha mm 100 chini ya tumbo toka mbele hadi nyuma. Kikikwama kwenye plastiki laini, linapita. Kikikwama kwenye chuma, halipiti. Kisha jeki, springi izungushwe. Bila hicho cha pili, sheria inawakamata wenye koilova nzuri na kuwaacha wenye msumeno.

FUNDI SPRINGI
Ongeza kipimo kimoja rahisi: kamba ya plastiki ya kujibana (zip tie) ifungwe kwenye fimbo ya shokapu, gari lizungushwe mtaa mmoja. Itasukumwa juu hadi pale safari ilipofika. Ikikutwa imesukumwa hadi kwenye mpira wa kizuizi kwa barabara ya kawaida, safari imekwisha, haijalishi kimo.

MLETA MADA
Nakubali 120 yangu imekufa. Lakini Mchora bado ana deni: gari tumelipima, tuta atalipima nani?

MCHORA BARABARA
Yeyote mwenye uzi. Tofali mbili za inchi 6 zinazolingana, moja kwenye mguu wa tuta huku, nyingine mguu wa kule, zikiwa zimesimama kwa kimo hicho. Vuta uzi ukaze juu ya tofali zote mbili. Pima kutoka uzi hadi kileleni, toa kwenye mm 150, hicho ndicho kimo cha tuta. Kisha pima mguu hadi mguu kwa futi kamba. Mkiwa watatu mmoja asimamie magari. Dakika tano zinatosha. Piga picha futi ikisomeka. Kama ni barabara ya mtaa Tanzania, peleka ofisi ya TARURA ya wilaya; barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Kenya, barabara za mijini ni KURA, za vijijini KeRRA, kuu KeNHA. Msilivunje wenyewe. Liliwekwa kwa sababu watoto wanavuka hapo, na linachohitaji ni kurefushwa, si kuondolewa. Mita tatu zaidi za zege au lami, kimo kibaki kilekile.

TEKSI MTANDAONI
Na wakijibu bajeti hakuna?

MCHORA BARABARA
Basi waombe wakupe kimo kidogo: mm 75 badala ya 100. Kukwangua zege hakuhitaji bajeti ya mwaka. Ila kwa sentimita 60 za urefu, hata 75 itakupiga mgongo.