Kwa nini nyimbo za kukaza kitambaa za Scotland zina viitikio visivyo na maana?

Mpenda Ngoma (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikisikiliza rekodi za zamani za wanawake wa Hebrides, visiwa vya magharibi mwa Scotland, wakiimba kwa Kigaeli huku wakipiga kitambaa cha sufu juu ya ubao. Mmoja hutoa mstari, wengine huitikia, na chini ya sauti zao kishindo cha kitambaa kilicholowa kinasikika bila kukosa pigo hata moja. Nilipotafuta tafsiri nilikuta kwamba mistari ya mwimbishaji ina maana iliyo wazi, ya mapenzi, vita na watu waliozama baharini, lakini kiitikio ni sauti tupu kama "hi ri ho ro". Je, sauti hizo ni mabaki ya maneno ya kale yaliyosahaulika, au ziliwekwa kwa makusudi? Na je, ni kweli kwamba wimbo haukurudiwa katika kazi ileile? Naomba anayeifahamu kazi yenyewe atueleze ilivyofanyika, kwa sababu nashuku jibu limo humo.

Bi Nuru

Umeshuku sawasawa, ndugu yangu, nami nitaanza na kitambaa. Sufu iliyotoka kufumwa huwa imelegea, ina mafuta ya kondoo, na baridi ya visiwa vile hupenya kati ya nyuzi zake. Kwa hiyo kitambaa kililowekwa katika mkojo uliokusanywa nyumbani na kuachwa uchache, kwa kuwa mkojo wa namna hiyo hutoa amonia, ambayo huondoa mafuta na kusaidia rangi ishike. Kisha wanawake kama kumi au kumi na wawili waliketi pande mbili za ubao mrefu, ambao pengine ulikuwa mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake, wakawa wanakipiga kitambaa mbele yao, wanakivuta, na kukisogeza kwa jirani, mpaka kisinyae na kushikamana. Kilizungushwa kwa kufuata mwendo wa jua, maana kukizungusha kinyume kulihesabiwa kuwa nuksi. Kazi yenyewe inaitwa luadh, na wimbo wake òran luaidh.

Sasa fikiria mikono ishirini na zaidi imeshika kitambaa kimoja chenye maji. Mmoja akichelewa, jirani yake anavuta mapema na mzunguko wote unavurugika. Kiitikio ndicho kinachoiweka mikono hiyo pamoja, na sauti zisizobeba habari yoyote huufaa ulimi wa mtu ambaye akili yake iko mikononi. Hata hivyo, tusidhani kwamba zilitamkwa ovyo. Kila wimbo una sauti zake zilizopangwa, na mtu akizitaja tu, wenzake wanajua ni wimbo upi. Mistari ya mwimbishaji ndiyo iliyohamahama: aliweza kuchukua vipande vya nyimbo mbili au tatu na kuviunganisha, ndiyo maana utakuta wimbo unaanza kwa msichana aliyeachwa na kuishia kwenye sifa za mashua ya mtu mwingine kabisa. Kiitikio kilibaki na lahani yake.

Kuhusu kurudia wimbo, ni kweli: kuimba wimbo uleule mara mbili juu ya kitambaa kimoja kuliaminiwa kuleta bahati mbaya. Baada ya nyimbo kadhaa mama mmoja mzoefu alikipima kitambaa kwa urefu wa kidole chake cha kati ili ajue kimesinyaa kiasi gani, na kama bado, ilibidi uimbwe wimbo mwingine. Mwanamke aliyejua nyimbo chache hakuweza kuiongoza kazi mpaka mwisho.

Mchunguzi wa Kale

Nakubaliana na Bi Nuru, ila naomba niongeze kwamba si kila wimbo wa luadh ulitungwa kwa ajili ya luadh. Baadhi ulikuwa kwanza wimbo wa kupiga makasia, na mapigo yake yalifaa kazi zote mbili. Wala mikono haikuwa njia pekee: Thomas Pennant, aliyesafiri visiwani mwaka 1772, alichapisha mchoro wa wanawake wakikikanyaga kitambaa kwa miguu.

Linalonigusa zaidi ni kumbukumbu iliyohifadhiwa humo. Alasdair Mac Colla, mpiganaji aliyeuawa Ireland mwaka 1647, aliendelea kuimbwa na wanawake juu ya ubao hadi karne ya 20, na wengi wao hawakuwahi kufundishwa kuandika lugha yao. Mwaka 1893 Donald MacCormick alinakili nyimbo hizi kisiwani South Uist. Baadaye John Lorne Campbell, aliyeanza kurekodi sauti kisiwani Barra mwaka 1937, aliufanya mkusanyo huo kuwa msingi wa kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake vya nyimbo hizi. Wakati huo viwanda vilikuwa vikiichukua kazi, na watu wengi walioimba mbele ya mashine yake walikuwa wakikumbuka tu.

Mkazi wa Glasgow

Niliwahi kuketi kwenye ubao katika maonyesho ya utamaduni, na kitambaa chetu kililowekwa katika maji ya kawaida tu. Katika wimbo wa kwanza niliyahangaikia maneno, na kila mara kitambaa kiliniponyoka. Mama aliyekuwa kulia kwangu aliniambia niache kusoma karatasi na niitikie tu. Kufikia wimbo wa tatu viganja vilikuwa vyekundu na viwiko vinauma, lakini sikukosea tena.

Ndugu Mpenda Ngoma, unaposikiliza tena, tega sikio mahali mwimbishaji anapoingia. Mara nyingi huanza mstari wake kabla wenzake hawajamaliza kiitikio, kwa hiyo hakuna pengo hata la pumzi moja ambalo kitambaa kingeweza kusimama.