Nyimbo tunatengeneza wote, kwenye usajili jina ni moja

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Wimbo wetu unaopigwa kuliko zote umesajiliwa kwenye chama cha hakimiliki "maneno na muziki" kwa jina la mtu mmoja: mwimbaji, ambaye ndiye pia kiongozi wa bendi. Asilimia 100. Mimi mpiga kinanda, jamaa wa besi, jamaa wa dramu na dada anayeimba sauti ya pili, hatumo kabisa. Nilipouliza nikajibiwa mbele ya wenzangu: "Wewe ulipiga tu."

Nilipiga tu! Basi ngojeni niwaeleze huo wimbo ulikujaje.

Aliuleta mazoezini ukiwa kwenye simu, amejirekodi anaimba peke yake bila chombo. Beti mbili na kiitikio, mwendo wa haraka. Maneno ni yake na ni mazuri, hapo sina ugomvi naye. Jamaa wa dramu akasema mwendo huu unayameza maneno, akaupunguza na kuyageuza mapigo yakawa ya sita kwa nane. Kiitikio kikagoma kukaa kwenye mapigo mapya. Yule dada akaanza kuurudia mstari wa mwisho, mara ya pili akiupandisha juu, na hiyo tuni aliyoipandisha ndiyo watu wanayoiimba leo; ile ya kwenye simu haimo tena. Mimi nikatunga kipande cha kinanda kinachofungua wimbo na kurudi kila kiitikio kinapoisha: mkono wa kulia unashuka taratibu, besi imeganda kwenye noti moja. Kuganda kwa besi ni wazo la mpiga besi mwenyewe. Hakuna aliyenitajia hata noti moja ya kupiga. Tukiwa jukwaani nikigusa noti tatu za mwanzo tu, ukumbi mzima unalipuka, na mwimbaji hajafungua mdomo bado. Sasa pale wanashangilia maneno gani?

Najua atatokea mtu aseme mbona mirabaha ya rekodi tunagawana. Ndiyo, tunagawana, lakini hicho ni chungu kingine. Rekodi ni ile sauti iliyonaswa studio, na sisi tunalipwa humo kama wapigaji. Utunzi ni wimbo wenyewe, na unaendelea kulipa hata bendi nyingine ikiurudia, hata siku sisi tumeshatawanyika na kila mtu ana shughuli zake. Huko ndiko tulikofungiwa mlango.

Na hili neno "kupanga muziki", yaani kuamua vyombo na sauti vitaupigaje wimbo uliokwishatungwa, linatumiwa kutunyamazisha. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ndio mhimili wa sheria za hakimiliki karibu dunia nzima, unatamka wazi kwamba mpangilio wa muziki unalindwa kama kazi halisi, bila kugusa haki ya mtunzi wa kazi ya awali. Fomu za usajili zina nafasi ya mpangaji. Kiongozi wetu aliiona hiyo nafasi akairuka. Halafu yale niliyoyaeleza hapo juu mengine yamevuka hata mpangilio: tuni mpya ya kiitikio ni utunzi, mchana kweupe.

Wenye "ulipiga tu" wakasome kesi ya Matthew Fisher, mpiga ogani wa bendi ya Uingereza, Procol Harum. Wimbo wao "A Whiter Shade of Pale" ulitoka mwaka 1967 na jina lake halikuwemo kwenye utunzi, wakati ile ogani ndiyo kila mtu anayoikumbuka. Alikwenda mahakamani mwaka 2005. Mwaka 2006 akapewa asilimia 40 ya haki ya muziki, mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikamwacha na jina bila fedha, na mwaka 2009 mabwana wa House of Lords, waliokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa Uingereza wakati huo, wakamrudishia fungu lake. Lakini alilipwa kuanzia alipodai tu. Fedha za miaka 38 ya nyuma zilikwenda na maji. Ndiyo maana sitaki kuambiwa "tutaongea baadaye".

Haki itendeke pande zote: wapo walioshindwa pia. Wenzake Gary Kemp, mtunzi wa bendi ya Spandau Ballet, walimshtaki, wakaanguka mwaka 1999, kwa sababu mahakama iliona nyimbo alizileta zikiwa zimeshakamilika na wao walizipiga tu. Nakubaliana na hukumu hiyo. Na sidai kila aliyekuwepo chumbani aandikwe mtunzi. Tuna wimbo mwingine ambao kiongozi alikuja nao mzima, mpaka kinanda alinielekeza yeye. Huo siugusi, nalipwa kwa kuupiga na yameisha. Ila huu siyo huo, na yeye anajua.

Wengine walishalimaliza jambo hili bila mahakama. R.E.M. waliandika majina ya wote wanne kwenye nyimbo zao. Queen, kuanzia albamu yao ya mwaka 1989, waliacha kuandika nani katunga upi, wakaweka jina la bendi. Mimi hata sijaomba hivyo. Nataka fungu la maneno, yaani nusu ya wimbo, libaki kwake lote. Nusu nyingine, ya muziki, igawanywe kwa yeye, dada na mimi kama watunzi, kisha jamaa wa dramu na besi wapewe fungu la mpangilio. Karatasi moja, majina, asilimia, sahihi za wote. Dakika kumi, siku ileile wimbo unapokamilika, kabla prodyuza hajawasha mashine.

Yeye anasema karatasi zinaua undugu. Undugu gani huo ambao mmoja anapokea na wanne wanapiga makofi?

Nimeshamwambia: usajili ukibaki hivi, albamu inayofuata sitarekodi. Dada naye kasema hivyo hivyo. Wale wawili bado wanaogopa kupoteza nafasi zao, siwalaumu.

Naomba kwa waliowahi kurekebisha usajili wimbo ukiwa umeshatoka: aliyesajiliwa peke yake akigoma kusaini, chama cha hakimiliki kinakubali kuzuia malipo mpaka mgogoro uishe, au mpaka uende na barua ya wakili? Na rekodi za mazoezini tulizonasa kwa simu, zenye tarehe, mliwahi kuzitumia kama ushahidi zikakubaliwa?