Mwavuli wa nguzo pembeni wa kufungua mtu mmoja: kamba na kapi, hendeli ya kuzungusha, au shokapu?

mama_kaunta (Tanga)
Habari za jioni wadau. Nina kijisehemu cha chai na vitafunwa huku Raskazone, meza sita tu, na nataka kutengenezesha mwavuli mkubwa ule ambao nguzo inakaa pembeni halafu mwavuli wenyewe unaning'inia kwenye mkono, maana wa nguzo katikati unanimalizia meza na wateja wanachunguliana pembeni ya bomba. Kipenyo mita 3.

Kivuli sina wasiwasi nacho, wasiwasi wangu ni kufungua. Asubuhi saa kumi na mbili niko peke yangu na bega langu la kulia ni bovu, kitu chochote cha kusukuma kupita usawa wa kichwa siwezi. Mwaka juzi nilinunua mmoja wa dukani, wa kuzungusha hendeli, gia ya ndani kumbe plastiki, ikaisha meno haijafika hata miezi mitano. Tangu hapo ikawa namsubiri kijana anayeleta barafu ndo anisaidie kufungua, na wateja wa mwanzo wanakula chapati juani na mimi naona aibu kabisa.

Fundi kanipa njia tatu: kamba na kapi (kile kigurudumu cha kupitishia kamba), hendeli yenye winchi, au shokapu za gesi kama za buti ya gari. Ipi inamfaa mtu mmoja, na huku kwetu kwenye chumvi? Naombeni wenye uzoefu sio wa kubahatisha.

fundi_chumbageni
Shikamoo mama. Mimi nachomelea mageti na mabenchi, miavuli ya hivi nimetengeneza minne. Nakushauri winchi. Ngoma ndogo ya kuvingirishia kamba ikiwa na kipenyo cha sentimita 5 na hendeli ikiwa na urefu wa sentimita 15, nguvu yako inazidishwa mara sita hapo hapo, na ukiweka kile kidole cha kuzuia isirudi unaweza kuacha katikati ukapumzika bega halafu ukaendelea. Ila gia iwe ya chuma au shaba, na uweze kufungua kifuniko ukatia grisi. Hiyo ya plastiki iliyozibwa kwa ribiti ikifa ndo imekufa, huna pa kuishikia.

mama_kaunta
Marahaba mwanangu. Hiyo ya kupumzika katikati nimeipenda.

bagamoyo_upepo
Nipo Bagamoyo, tunayo kumi na moja kwenye nyumba ya wageni ufukweni, saba za hendeli nne za kamba, nimezifungua na kuzifunga miaka minne mfululizo kwa hiyo naongea ninachokijua. Watu wote mnazungumzia kufungua. KUFUNGA ndio kunakuumbua. Mchana upepo wa bahari unaanza taratibu unajiambia bado, halafu ghafla unakuja wenyewe, na hapo una mwavuli wa mita 3 na watu wamekaa chini yake. Wa kamba unaachia kamba, unashuka, umemaliza. Wa hendeli unazungusha weee mizunguko zaidi ya ishirini huku mwavuli unacheza juu ya vichwa vya watu. Msimu wa kusi mwaka jana mmoja wa hendeli ulitushinda, ukavunjika mbavu tatu na mkono ukapinda pale kwenye bawaba, mfanyakazi bado alikuwa anazungusha. Mungu alisaidia meza ile haikuwa na mtu.

Kwa hiyo mama chagua wa kamba, ambao mtu mmoja anaufunga kwa sekunde kumi.

fundi_chumbageni
Hapo kaka umesema kweli, sikuwa nimefikiria kurudisha. Winchi nyingine unaweza kuinua kile kidole ikaachia yenyewe, ila hendeli inageuka kwa kasi, ikimpiga mtu kiganjani ni mfupa. Siwezi kumpa mama kitu hicho.

henza_na_tanga (Pangani)
Mimi ni mtu wa vyombo, na naona mnalizunguka jambo ambalo baharini lilishamalizwa zamani. Jahazi foromali yake, ule mti unaobeba tanga, ni nzito kuliko huo mwavuli mara nyingi sana na inapanda juu kwa henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, na gofia, ndizo kapi zetu. Kapi moja iliyofungwa juu haikupunguzii kitu, inageuza tu upande wa kuvuta, hapa ndo mafundi wengi wa nchi kavu wanakosea, wanaweka kapi moja halafu wanashangaa mbona bado nzito. Inayopunguza ni kapi inayosogea na mzigo. Weka gofia ya magurudumu mawili juu kwenye kichwa cha mwavuli, nyingine ya magurudumu mawili kwenye kile kikombe kinachopanda kusukuma mbavu, kamba ipite mara nne kati yao, uzito unagawanyika kwa nne. Unalipia kwa urefu, kikombe kikipanda sentimita 60 wewe umevuta mita 2 na sentimita 40 za kamba, si tatizo. Halafu kamba ipite juu ya mkono ishuke kwenye nguzo mpaka usawa wa kiuno chako, unavuta kuelekea CHINI kwa uzito wa mwili, bega halinyanyuki kabisa.

Kamba yenyewe iwe ya poliesta ya milimita 6 iliyosokotwa. Nailoni inanyumbuka, asubuhi umekaza saa sita mwavuli umelegea. Na katani usitie, nasema hivyo mimi wa Pangani ambako katani ilipandwa kwanza nchini 1893, ni kamba yetu na naiheshimu lakini inakunywa umande inavimba kwenye kapi inakwama.

hesabu_kidogo
Jamani mnachanganya kazi mbili. Mwavuli wa nguzo pembeni una kuinua mkono na una kufungua mbavu. Kamba na kapi za mzee wa Pangani zinafungua mbavu. Mkono je? Tuseme mwavuli na mbavu zake ni kilo 12 na unaning'inia mita 1.7 kutoka bawaba, hiyo ni kama kilo 20 kwenye mita moja. Hapa ndipo shokapu ina maana. Ukiifunga sentimita 40 kutoka bawaba inatakiwa isukume kilo 50 hivi kubeba yote. Usibebe yote! Shokapu zimeandikwa Newton ubavuni, 200 ni kama kilo 20. Ukitia mbili za 200 zinabeba 40, inabaki 10 pale karibu na bawaba, ambayo ukiishika mwishoni mwa mkono ni kilo mbili na kitu, mtoto anainua. Hii ni kama zimekaa wima kabisa na mkono, zikilala kidogo nguvu inapungua kwa hiyo pimeni kwanza ndio mtoboe. Ukizidisha shokapu, siku ukivua kitambaa kufua mkono utaruka juu wenyewe ukupige kidevu.

bagamoyo_upepo
Shokapu kwa chumvi hii? Tulijaribu, kile chuma cheupe kinachoingia na kutoka kikipata vidoti vya kutu kinakata mpira ndani, gesi inatoka, haikufika mwaka na nusu.

hesabu_kidogo
Zifungwe kichwa chini, ile fimbo iangalie ardhini, mafuta ya ndani yakae kwenye mpira, na ufute kwa kitambaa kila wiki. Au achana nazo, refusha mkono nyuma ya nguzo sentimita 50 utundike uzito. Kilo 12 kwa mita 1.7 inataka kama kilo 40 kule nyuma. Haina cha kuharibika, na uzito huo unasaidia pia mwavuli usipinduke mbele. Ubaya ni kwamba kuna kilo 40 zinapanda na kushuka nyuma ya mtu, uzungushie kizuizi.

fundi_chumbageni
Hii ya uzito wa nyuma naichukua, bomba nene ujaze zege.

dada_cherehani (Ngamiani)
Samahani naingilia, mimi nashona maturubai na vitambaa vya miavuli. Hakuna aliyesema kitambaa na ndio kinachowatoa jasho. Ukiwa unafungua, robo tatu ya njia ni nyepesi kabisa, shibiri ya mwisho ndio inakaza, pale kitambaa kinavutika mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Mkikata kitambaa kwa kipimo cha mbavu bila kuacha chochote, hata gofia nne mtaumia. Mimi naacha sentimita moja na nusu kila upande wa mbavu na ncha naweka mfuko wenye utepe wa kukaza BAADA ya kufungua. Na tundu la juu lenye kofia lazima, upepo upate pa kutokea. Turubai la plastiki nzito msitumie kwa huo wa kuning'inia, uzito wake peke yake unaharibu hesabu zote hapo juu.

mama_kaunta
Dada hiyo shibiri ya mwisho ndio yenyewe!! Ndipo bega langu linapolia. Nilikuwa najua tatizo ni uzito wa kuinua.

Na chini je, nichimbie au niweke vitofali?

hesabu_kidogo
Kama sehemu ni yako chimbia zege. Kama ni ya kuhamisha, vibao vya zege vya sentimita 50 kwa 50 unene 5 kila kimoja ni kilo 30, vinne ni 120 kwenye fremu ya mita moja kwa moja. Kusimama tu bila upepo panatosha kilo 30 hivi. Lakini ile tahadhari ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa, upepo huo unasukuma kama kilo 7 na nusu kila mita ya mraba, na mwavuli wako ni mita za mraba 7, ni zaidi ya kilo 50 kule mwisho wa mkono. Vibao vinne havitoshi hapo. Siku ya tahadhari usifungue.

mama_kaunta
Nimerudi, wiki tatu zimepita. Fundi wetu wa Chumbageni kaja mwenyewe, mbavu za mtiki wa Longuza, nguzo ya bomba la mabati, bolti za stenlesi na washa za nailoni kila zinapogusana na alumini ya kichwa. Nikaazima mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki wa Deep Sea nikaifunga kwenye kamba nikavuta kupitia mizani. Kamba moja na kapi moja, shibiri ya mwisho ilisoma kilo 26. Gofia za kupita mara nne, kilo 9. Halafu dada wa Ngamiani akalegeza mishono, kilo 6 na robo. Leo asubuhi nimefungua peke yangu kwa mkono wa kushoto, birika liko motoni.

Kuna kitu kimoja bado, nikiachia kamba unafunga vizuri ila mbavu mbili za upande wa bahari zinabaki zimetanuka kidogo.

dada_cherehani
Hizo ni ncha zangu, utepe nimeuacha mfupi. Kivue uniletee Jumamosi.