Kila wimbo wa Mwafrika siku hizi ni "Afrobeats"? Mnatuchosha!

Wakuu, leo acha niseme, nimevumilia vya kutosha.

Simu yangu ina kila kitu. Siti binti Saad wa taarabu yumo, bendi za dansi za Sikinde na Msondo zimo, kuna hip hop ya TMK (Temeke hiyo), rumba ya Franco wa Kongo, singeli, hadi kantri ya Jim Reeves tuliyolelewa nayo na mzee. Sasa programu ya muziki ninayoilipia kila mwezi imeamua kwamba chochote kinachotoka bara hili ni Afrobeats, yaani ile pop ya Afrika Magharibi, hasa Nigeria. Nikicheza singeli, inaniletea Wanaijeria. Singeli jamani! Muziki wa midundo 200 na zaidi kwa dakika, uliotoka kwenye mchiriku (muziki wa vinanda vidogo na ngoma) na vigodoro, zile sherehe za usiku za uswahilini, Manzese na Tandale huko Dar, unawekwa kapu moja na ngoma za kubembeleza za Lagos. Aliyepanga hivyo masikio yake ni ya kutundikia miwani?

Na msije na ile yenu ya "muziki ni muziki, majina ya nini". Msikilizaji wa aina moja ndiye asiyehitaji majina, maana kesho ataweka kilekile cha jana. Mimi ninayetoka kwenye taarabu, nikapitia dansi, nikaishia kwenye rap kabla chai haijapoa, nitakipataje ninachokitaka kama vyote vimeandikwa jina moja?

Wala sikatai kuchanganya. Taarabu yenyewe ina Misri ndani, ina India, ina ngoma za pwani, na Siti alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Bongo Fleva imekula rap, R&B, ragga, dansi, na sasa inakula amapiano ya Afrika Kusini. Sawa kabisa. Ila zamani kitu kikichanganywa kikatoka kipya, kilipewa jina lake. Taarabu ilipochangamka ikaitwa rusha roho, wazee wakanuna, lakini kila mtu alijua anaingia wapi. Bendi za dansi zilikuwa zinakwenda mbali zaidi, kila moja na mtindo wake: Mlimani Park na Sikinde, Juwata na Msondo, Safari Sound na Ndekule, Maquis na Kamanyola. Wote hao rumba imewapitia, lakini mwite shabiki wa Sikinde mtu wa Msondo uone kama mtaelewana.

Hata mwimbaji Tyla wa Afrika Kusini, alipopewa tuzo ya Afrobeats kwenye MTV VMA, tuzo za video za muziki za Marekani, mwaka 2024, alisema palepale jukwaani kwamba muziki wa Afrika si Afrobeats tu, na kwamba yeye anawakilisha amapiano. Mshindi mwenyewe huyo!

Kilichonipandisha hasira kabisa ni hawa waandaaji wa hapahapa Dar. Bango limeandikwa "Usiku wa Taarabu Asilia". Mke wangu kavaa, kachenji noti ndogondogo za kutunza. Tunaingia: vyombo vya taarabu hakuna, si udi, si ganuni, si fidla. Kuna kijana na laptopu, na saa nne tayari ni amapiano. Namuuliza wa mlangoni, ananijibu, "Braza, si muziki tu? Cheza."

Hela hawajarudisha mpaka leo. Mwenye kujua ukumbi ambao taarabu asilia inapigwa kweli, kwa vyombo, aweke hapa. Na atakayecomment "muziki ni muziki" anitumie kwanza viingilio viwili, changu na cha shemeji yenu.